Bastola ndogo ya kaliba kubwa, ununue au uachane nayo? Mwongozo kamili kwa tunaoishi Marekani

Kuna bastola fupi za kubeba kiunoni zinazopiga risasi kubwa, .45, .40 na 10mm (hizo namba ndo kaliba, yaani upana wa risasi), afu kuna hizi za 9mm ambazo sahivi ndo zimejaa kila duka, na mtu akishaamua kununua silaha ya kujilinda huku Marekani swali linalomkwamisha ni hili, si bora nichukue kubwa moja kwa moja maana risasi kubwa inamaliza kazi haraka? Naandika kwa ajili ya kaka zangu na dada zangu mlioko Texas, Ohio, Minnesota, Kentucky, Maryland na kwingineko, mnaoendesha malori, mnaofunga duka usiku wa manane, mnaorudi nyumbani na watoto wamelala, na mnaotaka silaha kwa njia ya sheria. Msimamo wangu nausema mapema ili usipoteze muda: kwa watu wengi jibu ni 9mm, ila wapo ambao kaliba kubwa inawafaa kweli, na njia ya kujua wewe uko wapi ni kupiga shabaha na kupiga hesabu, sio maneno ya muuzaji.

HATUA YA KWANZA: hakikisha unaruhusiwa

Hii wengi wanairuka na ndo yenye hatari kubwa kuliko zote kwa sisi wahamiaji. Sheria ya shirikisho inataka uwe na miaka 21 ndo ununue bastola kwa dila (muuzaji wa silaha) mwenye leseni, unajaza fomu inaitwa 4473 afu dila anatuma taarifa zako kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI unaoitwa NICS. Mwenye uraia na mwenye green card wote wanaruhusiwa kwa upande wa shirikisho. Aliyeingia kwa visa ya muda, ya mwanafunzi au utalii au kazi, kwa kawaida haruhusiwi, kuna misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda lakini usijitegemezee hapo bila mwanasheria. Asiye na makaratasi haruhusiwi kabisa, hata kushika tu. Kama kesi yako ya hifadhi haijaisha au uko kwenye ruhusa ya aina nyingine nenda kwa mwanasheria wa uhamiaji KABLA hujaenda dukani, sio baada.

Afu soma ile fomu taratibu. Inauliza uraia wako, na ukiweka alama kwamba ni raia wa Marekani wakati una green card, hilo ni kosa linaloweza kukufukuzisha nchini peke yake hata kama bastola yenyewe ungeruhusiwa kuinunua. Inauliza kama umewahi kutiwa hatiani kwa ugomvi wa nyumbani, na hapo hata kosa dogo linakufungia mlango. Inauliza bangi, na inakuambia wazi kwamba ruhusa ya jimbo lako haikusaidii kwenye swali hilo. Inauliza kama wewe ndo mnunuzi wa kweli, kwa hiyo ndugu yako ambaye hana sifa akikupa hela umnunulie, mkatalie, hata kama ni mdogo wako wa tumbo moja, hilo ni kosa la jinai la shirikisho, na makosa ya silaha yanaweza kumrudisha nyumbani hata mtu aliyekaa huku miaka ishirini na watoto wamezaliwa huku.

Na wengi wetu majina yanafanana na ya watu wengine wengi, kwa hiyo unaweza kupata jibu la kucheleweshwa kila ukinunua, usigombane na dila, sio yeye. FBI wana utaratibu wa kuomba namba ya kudumu, inaitwa UPIN, ukishaipata unaiandika kwenye fomu na mfumo unakutofautisha na yule mwenzako wa jina.

Majimbo nayo kila moja na lake. Texas tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu mzima wa miaka 21 asiye na kizuizi anabeba bila kibali, Minnesota unahitaji kibali cha kununua au cha kubeba ndo uipate, Illinois lazima uwe na kadi ya FOID, ile ya jimbo ya kumiliki silaha, na usubiri saa 72, California unasubiri siku 10. Bastola hununui jimbo lisilo lako ukaondoka nayo hapo hapo, inabidi itumwe kwa dila wa jimbo unaloishi.

HATUA YA PILI: hiyo bastola itafanya kazi gani?

Andika kwenye karatasi, kweli, usiiache kichwani. Ya kukaa kwenye sefu chumbani? Ya kubeba kila siku ndani ya shati? Ya kwenye lori? Ya porini kwenye wanyama? Kila jibu linaelekeza kwingine. Ya kukaa nyumbani tu haina sababu ya kuwa fupi, chukua ya saizi kamili, ni nzito zaidi na mtutu ni mrefu, inapigika vizuri zaidi, na kama unapenda .45 basi .45 ya saizi kamili ni silaha ya raha sana kupiga. Mjadala wote huu unamhusu mtu anayetaka vyote viwili kwa pamoja, ufupi na ukubwa wa risasi, na hapo ndo gharama inapoanza.

Dereva wa lori nikuambie la kwako hapa hapa. California, New York na New Jersey hawatambui kibali cha kubeba cha jimbo lingine, na magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini) ya risasi 15 uliyonunua Texas kihalali ukivuka nayo kuingia California au New Jersey ni kosa. Kuna sheria ya shirikisho ya 1986 inayokulinda ukiwa unapita tu, lakini sharti silaha iwe haina risasi, wala silaha wala risasi zisiwe karibu na mkono wako, na kama gari halina buti viwe kwenye sanduku lililofungwa kwa kufuli ambalo sio lile droo la dashibodi. Uliza na kampuni yako pia, nyingi haziruhusu silaha ndani ya lori na kazi inaondoka siku hiyo hiyo.

HATUA YA TATU: zielewe hizi kaliba zimetoka wapi

Ukijua historia maneno mengi ya dukani yanapungua nguvu yenyewe. 9mm ni ya Georg Luger, Mwaustria, miaka ya mwanzo kabisa ya 1900. .45 ACP ni ya John Browning, na ndo risasi ya ile bastola maarufu jeshi la Marekani waliyoipokea mwaka 1911 wakakaa nayo zaidi ya miaka sabini, ndo maana wazee wa huku wanaisifia kwa mapenzi ambayo hayapimiki.

Sasa tarehe 11 Aprili 1986 pale Miami maafisa wanane wa FBI waliwazuia majambazi wawili wa benki, William Matix na Michael Platt, kikawaka. Maafisa wawili walikufa, watano walijeruhiwa. Platt alikuwa amepigwa risasi ya 9mm mapema kabisa, ikapita kwenye mkono ikaingia kifuani, ikasimama karibu na moyo bila kuufikia, na yeye akaendelea kupigana na kuua. FBI wakailaumu sana ile risasi. Wakaja na vipimo vipya, risasi ipigwe kwenye gelatini maalum iliyofunikwa nguo na izame inchi 12 mpaka 18, wakahamia 10mm, ikaonekana ni kali mno kwa maafisa wengi kuimudu, wakaipunguza baruti, na Smith & Wesson na Winchester wakaona kama baruti ni kidogo basi ganda lifupishwe, ndo .40 S&W ikazaliwa mwaka 1990. Polisi karibu nchi nzima wakaifuata.

Halafu wakarudi. Mwaka 2014 kitengo cha mafunzo cha FBI kikaandika kwamba risasi za kisasa za 9mm zenye tundu kichwani, hizi za kupanuka, zinafikia vipimo vile vile na .40 na .45, na maafisa wao wengi wakishika 9mm wanapiga haraka zaidi na wanapata shabaha zaidi. Waliandika pia kwamba askari kwenye mapambano ya kweli kwa wastani risasi zinazompata mtu ni 20 mpaka 30 kwa kila 100. Mwaka 2016 wakasaini na Glock kwa bastola za 9mm. Yaani hao hao waliosababisha kaliba kubwa zipendwe ndo walioziacha, na walikuwa na kila sababu ya kulinda heshima yao wasirudi nyuma, kwa hiyo mimi naupa uamuzi ule uzito mkubwa.

Na hili la kusema .45 inamwangusha mtu chali lifute kabisa kichwani. Msukumo wa risasi hauwezi kumrusha mtu bila kukurusha na wewe uliyeipiga, maana msukumo ule ule unarudi mkononi kwako. Mtu anaacha kukushambulia kwa sababu risasi imefika kwenye ubongo au uti wa mgongo, au imemtoa damu nyingi, au ameogopa akaacha. .45 ikipanuka vizuri inafika kama inchi 0.7 na kitu, 9mm inafika kama 0.55 mpaka 0.6. Tofauti ipo, sikatai, lakini haiwezi kufidia risasi iliyokwenda pembeni.

HATUA YA NNE: piga hesabu ya teke

Teke ni ule msukumo unaorudi mkononi ukipiga, na hesabu yake unaifanya hata kwa simu. Chukua uzito wa risasi yenyewe inayotoka, bila ganda, kwa greni (kipimo kidogo cha uzito), umeandikwa kwenye boksi, zidisha na mwendo wake kwa futi kwa sekunde. 9mm ya kawaida ya greni 115 inayotoka kwa 1,150 inakupa kama 132,000. .45 ya greni 230 kwa 850 inakupa 195,500. .40 ya greni 180 kwa 1,000 ni 180,000, na 10mm ya greni 180 kwa 1,250 ni 225,000. Hiyo namba ndo msukumo unaorudi, baruti tumeiacha nje kurahisisha. Sasa kama bastola zina uzito sawa, nishati ya teke inakua kwa mraba wa huo msukumo, kwa hiyo .45 dhidi ya 9mm sio mara moja na nusu, ni kama mara mbili na kidogo, na 10mm inakaribia mara tatu. Na bastola ikipungua uzito teke linaongezeka tena. Ndo maana mtu anapiga .45 ya chuma ya saizi kamili anasema mbona laini tu, anaenda kununua ya plastiki yenye mtutu wa inchi 3.3 na anashangaa imekuwa kitu kingine kabisa.

Kuna na tofauti ya tabia. .45 inafanya kazi kwa presha ndogo, kama psi 21,000 (pauni kwa inchi ya mraba), wakati 9mm na .40 ziko kwenye 35,000 na 10mm 37,500. Kwa hiyo .45 inasukuma, .40 inachapa. Wengi wanaona .40 kwenye bastola ndogo ndo inayochosha kuliko .45 japo kwenye karatasi .45 ina msukumo mkubwa, na mimi nakubaliana nao, ile ya kuruka juu ghafla ndo inayoharibu risasi ya pili.

Mtutu mfupi unakula mwendo pia. Risasi nyingi za .45 zimetengenezwa kwa mtutu wa inchi 5, ukizipitisha kwenye inchi 3.3 zinapoteza makumi ya futi kwa sekunde, na .45 ambayo tangu mwanzo inatembea taratibu inaweza kufika kwenye mwendo ambao baadhi ya risasi hazipanuki tena, zinapita kama msumari. Zipo za kutengenezwa kwa mitutu mifupi, Speer wana Gold Dot za aina hiyo, lakini ni gharama na sio kila duka linazo. Fikiria hapo, umelipia ukubwa wa kaliba afu ufupi wa bastola umekunyang'anya sehemu ya kile ulicholipia.

HATUA YA TANO: risasi ngapi, na unene wa mpini

Ganda la .45 ni nene, kama inchi 0.48 kitakoni dhidi ya 0.39 za 9mm, hivyo mtengenezaji ana njia mbili tu, anenepeshe mpini au apunguze risasi. Springfield XD-S ya .45 inaingia 5 kwenye magazini yake fupi. Smith & Wesson Shield ya .45 inaingia 6, au 7 ukiweka ile ndefu. Glock 36 inaingia 6. Glock 30 ndo inayobeba 10 lakini mpini wake ni mnene, mtu wa vidole vifupi triga (kile cha kuvuta kufyatua) inamkimbia. Linganisha na 9mm, SIG P365 iliyotoka 2018 ina mtutu wa inchi 3.1 na inabeba 10, Springfield Hellcat ilikuja na 11, Glock 19 ambayo ni kubwa kidogo inabeba 15.

Uzito nao, risasi moja nzima ya .45, pamoja na ganda, ina kama gramu 21 wakati 9mm ina kama 12, kwenye magazini iliyojaa unaisikia kiunoni ikifika jioni. Bastola nzito ya kukera ndo inayoachwa nyumbani, na ukiiacha nyumbani kaliba yake haina maana yoyote.

Ila hapa kuna jambo ambalo watu wa Texas hawalizungumzii kwa sababu haliwagusi. Ukiishi California, New York, New Jersey, Massachusetts, au Washington ambako tangu Julai 2022 haziuzwi magazini za zaidi ya 10, ile faida ya 9mm kubeba nyingi inapungua sana. Glock 30 ya .45 ina 10, na 9mm yako nayo lazima iwe na 10. Kwa mtu wa huko, mwenye mkono mpana, hoja ya .45 inakuwa na nguvu zaidi kuliko kwa mtu wa Houston. California uangalie pia kama modeli hiyo iko kwenye orodha yao ya bastola zinazoruhusiwa kuuzwa, maana nyingi mpya hazimo.

HATUA YA SITA: pesa ya mazoezi

Bei za risasi zinapanda na kushuka, lakini tuchukulie 9mm ya mazoezi iko kwenye senti 25 mpaka 30 kwa risasi na .45 iko kwenye 45 mpaka 50. Chukua mtu anayejitahidi kupiga 100 kwa mwezi: 9mm kwa senti 28 ni dola 28, .45 kwa senti 48 ni dola 48, kwa mwaka tofauti ni dola 240. Kwa mtu anayetuma hela nyumbani kila mwisho wa mwezi, ada ya mdogo wake, dawa za mama, dola 240 sio ndogo, na kinachotokea sio kwamba atalipa, kinachotokea ni kwamba atapunguza mazoezi. Na bastola ngumu kupiga yenye mazoezi machache ni mchanganyiko mbaya kuliko wote niliouzungumzia humu.

HATUA YA SABA: nenda renji, hapa ndo jibu lilipo

Renji (viwanja vya kupigia shabaha) nyingi za ndani zinakodisha bastola, unalipa kidogo unapiga unayotaka. Nenda na mtu, kwa sababu nyingi hazimkodishii mtu aliyekuja peke yake bila silaha yake, wanafanya hivyo kuzuia watu wanaokuja kujimaliza. Vaa kinga ya macho, na masikioni weka viwili, vile vya kuingiza ndani na vya kufunika juu, kaliba kubwa kwenye mtutu mfupi ndani ya jengo ni kelele inayokufanya ufumbe macho hata kabla hujavuta. Kama hujawahi kupiga kabisa, chukua kwanza darasa la mwanzo na 9mm, usianze na .45 fupi, utajifunza kuogopa badala ya kujifunza kulenga, na uoga ule unachukua muda mrefu kutoka.

Kodisha bastola mbili za familia moja ili kinachobadilika zaidi kiwe kaliba, mfano Glock 26 na Glock 30, au Shield ya 9mm na Shield ya .45. Nunua sahani za karatasi za inchi 8 au 9, zinatosha kuwa shabaha. Afu fanya hivi kwa kila moja.

Kwanza yadi 7, risasi 10 taratibu bila haraka. Zote ziingie kwenye sahani. Kama hata taratibu haziingii, hiyo bastola bado sio yako, usiendelee.

Pili yadi 5, risasi 5 kwa haraka unayoweza huku zote zikibaki kwenye sahani, na mwenzako apime muda, kuna programu za simu za bure zinazosikia mlio. Uliza kwanza kama renji inaruhusu kupiga haraka, baadhi wanataka sekunde moja kati ya risasi na risasi. Andika muda wa kila bastola. Kipimo ninachokitumia mimi: kama .45 inakuchukua zaidi ya robo ya muda wa 9mm juu yake, yaani 9mm sekunde 3 na .45 inapita 3.75, basi kaliba kubwa inakugharimu zaidi ya inachokupa.

Tatu mkono mmoja, wa kulia risasi 5, wa kushoto risasi 5. Hili watu wanalidharau na mimi nalisisitiza sana, maana siku ya shida mkono mwingine unaweza kuwa umembeba mtoto, umeshika mlango au umeumia. Hapa utaona kitu kingine, bastola ndogo za .45 zina slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila ukipiga) nyepesi kwa hiyo zinawekewa springi ngumu, na mkono ukilegea ganda halitoki vizuri, inajamu. Ikijamu kwako mara mbili kwenye mkono mmoja, usikubali akwambie mtu kwamba utazoea.

Nne, na hiki ndo kipimo ninachokiamini kuliko vyote, mwenzako ajaze magazini akichanganya risasi za bandia zile za plastiki bila wewe kujua ziko wapi. Piga. Ukifika kwenye ya bandia bastola italia tik tu, na mwangalie mtutu wako. Ukitulia palepale, uko vizuri. Ukizama chini ghafla ujue mwili unajihami na teke kabla halijaja, na risasi zako za kweli zinazama chini hivyo hivyo. Rudia hiki ukishapiga risasi 50 na mkono umechoka, wengi wanafaulu mwanzoni na 9mm na .45 sawa, tofauti inakuja kwenye uchovu.

Tano vuta slaidi nyuma mara kumi na mikono ikiwa na jasho. Dada zangu na wazee wenye arthritis (maumivu ya viungo) mnisikilize, hii sio aibu, ni springi tu. Zipo 9mm zilizotengenezwa slaidi iwe laini, Smith & Wesson Shield EZ ni moja, na mimi naona bastola unayoweza kuiendesha kikamilifu peke yako ndo yenye thamani.

KWA HIYO NANI ACHUKUE KUBWA?

Wapo. Anayeishi au kuwinda Alaska na Montana kwenye dubu, huyo anahitaji kuzama kwa risasi kuliko kingine chochote, na 10mm kama Glock 29 yenye risasi nzito zisizopanuka ni chaguo la maana, japo ya mtutu mrefu ni bora zaidi. Mwenye .45 kubwa tayari nyumbani, ana risasi zake stoo na mkono umezoea miaka, anataka ndogo ya kubebea, huyo nami namuelewa. Mtu wa jimbo la risasi 10 aliyefaulu vile vipimo vya renji. Na anayetafuta bei nafuu aangalie .40 zilizorudishwa na polisi, idara nyingi zilipohamia 9mm ziliuza bastola zao na unazikuta nzuri kabisa, nje zimechubuka kwa holsta (ala ya kubebea bastola) ila ndani hazijapigwa sana, bei ya chini mno, ila nyingi ni za saizi ya kazi sio ndogo, na kumbuka teke la .40.

Wengine wote, mnaonunua ya kwanza, wenye muda mchache wa mazoezi, wenye bajeti ya kubana, mnaogawana silaha mke na mume, 9mm. Hela inayobaki nunua risasi na darasa.

BAADA YA KUNUNUA

Sefu inunuliwe siku moja na bastola, sio mwezi ujao. Ile ndogo ya kufunguka haraka kwa namba au kidole, iliyofungwa kwenye kitu kisichobebeka. Watoto wetu wanajua kila kona ya nyumba, na wageni wetu wanakuja na watoto wao, harusi, msiba, kipaimara, nyumba inajaa. Na zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki nchi hii ni watu waliojiua wenyewe, sio majambazi, kwa hiyo kama ndani kuna mtu anapitia kipindi kigumu, upweke wa ugenini, talaka, kazi imekwisha, itoe silaha nyumbani kwa muda, dila au renji nyingine zinakubali kuhifadhi, na namba 988 inapokelewa saa 24.

Kabla hujaibeba, ipitishe angalau risasi 200 za mazoezi bila kujamu, afu angalau 50 za aina ile ile utakayoibeba, na zote zifanye kazi. Kaliba kubwa hapo tena boksi la risasi 20 za kujilinda linauma, lakini usilipunguze hilo. Nunua holsta ngumu inayofunika triga yote na mkanda imara, bastola bila holsta mfukoni au kwenye pochi ndo inayopiga watu mapaja.

Na ukienda likizo nyumbani, silaha inabaki Marekani. Kenya ina sheria yake ya silaha na bodi ya leseni, Tanzania ina sheria ya mwaka 2015, na leseni yako ya Texas au Ohio kule haikupi chochote. Begi unaloendea renji usilitumie kamwe kusafiria. Likung'ute, geuza kila mfuko, pitisha mkono kwenye mishono, maana risasi moja tu iliyosahaulika kwenye kona ya begi ikionekana kwenye mashine pale Jomo Kenyatta au Julius Nyerere, utaeleza polisi na familia inakusubiri nje.